Fomu ya Maren

Tega sikio nikutegee. Haina mdomo, lakini inauliza maswali arobaini. Ukiidanganya hainuni wala haikukaripii. Inakaa kimya na kukungoja. Ni nini?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Duluth. Haya, nimekwenda Duluth, nimekula samaki wa moshi, nimekaa kando ya ziwa mpaka masikio yakaganda, nimerudi. Jibu ni fomu. Na mimi niliidanganya moja, mwezi wa pili, kwa kalamu ya bluu, nikiwa nimevaa miwani yangu ya kusomea, kwa hiyo siwezi kusema sikuona.

Ilikuwa fomu ya mjukuu wangu Maren, wa miaka kumi na sita. Sekondari yetu ya Lindvik ilikuwa imeungana na shirika moja linalopeleka wanafunzi nchi za mbali wakati wa likizo ya kiangazi, wakafanye kazi za kujitolea. Mwaka ule walikuwa wanakwenda kwenye milima ya Guatemala, wiki tatu, kuchimba mitaro na kulaza mabomba ya maji. Walichaguliwa kumi na wawili, na Maren alikuwamo. Barua aliniletea jikoni, akaiweka juu ya unga niliokuwa nakanda, akasema, "Bibi, soma." Alikuwa anasimama kwa vidole vya miguu kama anayetaka kuchungulia juu ya ukuta.

Mama yake, binti yangu Gwen, alifariki Maren akiwa na miaka minne. Baba yake hakuwahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuandikiwa barua. Kwa hiyo sahihi iliyotakiwa ilikuwa yangu peke yangu.

Swali la kumi na tisa liliuliza: katika miezi kumi na miwili iliyopita, mtoto amewahi kuzimia au kuanguka kifafa? Kando yake kulikuwa na visanduku viwili.

Agosti iliyotangulia Maren alianguka jikoni kwangu, visigino vyake vikipiga mlango wa oveni, na mimi nimemshika kichwa kisigonge sakafu. Ilikuwa mara ya tatu. Baada ya hapo daktari alimwandikia vidonge vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na hakuanguka tena. Daktari alisema maneno mengi siku hiyo, lakini moja nililishika: asiruke hata siku moja.

Nikahesabu kwa vidole. Safari ni Julai. Kufikia Julai ungebaki mwezi mmoja tu mwaka utimie. Mwezi mmoja ni nini? Nikaweka alama kwenye kisanduku cha hapana. Karatasi ya daktari tuliyoambatisha ilikuwa ile ya kupimwa afya ili acheze voliboli, ambayo kwetu inatumika miaka mitatu, na iliandikwa kabla hajaanguka hata mara moja. Hakuna aliyeitazama tarehe.

Utaniuliza kwa nini. Mimi nilimaliza darasa la nane kwenye shule ya chumba kimoja, na hapo ndipo masomo yangu yalipokomea, kwa sababu baba yangu alihitaji mikono ya kukamua ng'ombe. Katika jiografia hakuna aliyenishinda. Ungenifunga kitambaa machoni, ningekuwekea kidole juu ya Guatemala. Lakini kukanyaga, sijakanyaga popote. Na huyu mtoto, tangu aanze kuanguka, kila mtu mwenye akili kule hospitalini alikuwa anamwambia usifanye: usiogelee peke yako, usiendeshe gari, usipande ngazi. Nikataka mtu mmoja amwambie nenda.

Tena mji mzima ulikuwa umeshaingia kwenye jambo hili. Tangu Oktoba kina mama wa kanisa tulikuwa tunapika lefse, mikate yetu ya viazi, kila Jumamosi, tunauza kwa ajili ya vijana. Tulipika tambi kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watu wakala wakafungua vifungo. Picha za vijana zilibandikwa ukutani karibu na ramani, na uzi mwekundu kutoka Lindvik mpaka Guatemala. Jumapili ya mwisho mchungaji akawaita mbele, tukawawekea mikono. Mimi nilimwekea Maren mkono begani na sikuthubutu kufumba macho.

Karatasi ya mizigo ilisema dawa zote ziwe zimeandikwa kwenye fomu. Nikachukua chupa ya vitamini, nikamwaga vilivyomo, nikaiosha na kuikausha, nikahamishia vidonge vya wiki tatu na vya akiba.

"Bibi, wewe ni jambazi," Maren akasema.

"Mke mwenzangu, usinifundishe kazi," nikamjibu. Namwita hivyo kwa sababu marehemu mume wangu Harold alimpenda yeye kuliko mimi, na hakuficha. "Ahadi?"

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na wewe ahadi?"

"Sitasema."

Wakaondoka Jumamosi. Simu za vijana huwa zinakusanywa uwanja wa ndege, ndiyo desturi ya safari hizo, ili wasitumie wiki tatu wakitazama viganja vyao. Simu ni moja tu, ya setilaiti, anayo kiongozi. Kwa hiyo Jumatano saa tatu asubuhi, simu yangu ya ukutani ilipolia na sauti ikaja kama inatoka ndani ya pipa, moyo wangu ulishafika chini kabla sijasema haloo.

"Bi. Arlys? Ni Renata, kiongozi wa kina Maren. Kwanza nikuambie, Maren yuko hapa, amekaa, anakunywa maji."

Mtu akianza kwa kukuambia mtoto amekaa, unajua kuna wakati alikuwa hajakaa.

"Alianguka mtaroni asubuhi hii," Renata akaendelea. "Alizimia kama dakika moja hivi. Mwenzake mmoja anasema alikuwa anatetemeka, yeye mwenyewe anasema ni jua tu. Amewahi kuanguka namna hii?"

"Hapana," nikasema.

"Una uhakika? Nakuuliza kwa sababu leo saa sita mchana tunapandisha kijiji cha juu, ni mwendo wa saa tano kwa miguu. Huko hakuna barabara, hakuna zahanati, hata simu hii haishiki. Tutakaa siku nne. Kama ana tatizo lolote atabaki hapa chini na mwenzangu."

"Huyo hana neno," nikasema. "Mzima kabisa."

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu mgeni akikaribishwa kahawa anakataa. Akikaribishwa tena anasema usijisumbue, nimekunywa nyumbani. Ya tatu ndiyo anasema, labda nusu kikombe. Tumelelewa hivyo sote, na mwenye nyumba anajua, haachi kwenye ya pili. Ulimi wangu ulikuwa umeshasema mara mbili, nami nimeshika simu kwa mikono yote miwili nikingoja ya tatu, na ninaapa ukweli ulikuwa umeshafika kooni. Lakini Renata ni mtu wa Arizona. Kwao hapana ni hapana.

"Asante, Bi. Arlys, umenitua mzigo," akasema. "Ngoja nikupe Maren dakika moja."

"Bibi." Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mke mwenzangu. Kuna mtu hapo karibu?"

"Ndiyo. Renata yuko hapa hapa."

Nikafikiri haraka. "Basi kitendawili. Watoto weupe wawili, mmoja asubuhi, mmoja jioni, wanaingia pangoni na hawatoki. Je, wanaingia?"

Nikasikia upepo kwenye simu.

"Huku mvua inanyesha kila mchana," akasema. "Na maharage yao ni mazuri kuliko yako."

"Nimekuuliza kitu, mjukuu wangu."

"Usihangaike, Bibi. Tafadhali sana, usihangaike."

Neno lake lilikuwa usihangaike, lakini nilisikia usiseme. Simu ikakatika.

Huyu mtoto tangu ana miaka mitano hajawahi kuniacha na kitendawili mkononi. Hujibu kabla sijamaliza, halafu huniambia ni chepesi. Nikarudi kwenye meza nilipokuwa namenya njegere, nikaanza kujiambia mambo. Labda aliogopa Renata ataelewa. Labda simu ilikuwa inakatikakatika, hakunisikia. Labda anavimeza na ni jua kweli. Jua la milimani ni kali, nimesoma. Halafu upande mwingine ukaanza. Labda amevipoteza. Labda vimelowa mvua. Labda tumbo limechafuka na anavitapika. Nikamwona kwenye njia nyembamba, begi mgongoni, korongo upande mmoja, na nikaona visigino vyake.

Saa nne LaVonne akaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, amekumbatia mabua mekundu machachu ya rubabu ya kupikia pai. LaVonne ni jirani yangu tangu tulipokuwa na viuno.

"Arlys, siku hizi unakula maganda?" akasema.

Nikatazama. Maganda yalikuwa kwenye bakuli, njegere ziko kwenye ndoo ya taka.

"Kaa," nikasema. "Kahawa?"

"Hapana, nimetoka kunywa."

Nikammiminia, nikakaa mbele yake. Nikaikalia mikono yangu.

"LaVonne, Maren ana kifafa."

Akaweka kikombe chini bila kunywa. "Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Nami nimekaa mlango wa pili miaka yote hiyo." Akanitazama kidogo. "Sawa. Na hao wa safari wanajua?"

"Hawajui. Ameanguka leo asubuhi. Kiongozi amepiga simu kuniuliza kama amewahi kuanguka."

"Ukamwambia?"

"Hapana. Mara mbili."

"Mbili tu?"

"Hakuuliza ya tatu."

LaVonne akajishika paji la uso. "Mtu wa Arizona, Arlys. Atajuaje?"

Siku nyingine tungecheka mpaka tukashika mbavu. Nikamweleza yote: fomu, karatasi ya voliboli, chupa ya vitamini, mlima wa saa sita mchana, kitendawili kisichojibiwa. Nilipomaliza alikuwa anazungusha bua moja la rubabu mezani kama mwiko.

"Nikisema watamrudisha nyumbani," nikasema. "Mji mzima umemchangia. Jumapili nitaingiaje kanisani?"

"Kwa mlango, kama kila Jumapili."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Mimi nimeponda viazi majira yote ya baridi, bega hili mpaka leo siwezi kuvaa koti bila kulia. Unadhani nilikuwa naponda ili mtoto apande mlima akaanguke mbele ya watu wasiojua la kufanya?"

"Nilimwahidi sitasema."

"Na yeye alikuahidi atameza. Anameza?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloniua. Sijui."

"Basi."

"Hatanisamehe, LaVonne."

"Atanuna. Wangu walininunia mpaka wakaolewa. Simu iko pale."

Namba ilikuwa kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku ya jogoo. Siyo ya Renata. Familia hawapewi ile. Ni ya ofisi yao, jimbo jingine kabisa. Ikapokea sauti ya mashine. Bonyeza moja kama unataka kujiandikisha. Bonyeza mbili kama unataka picha za safari. Nikabonyeza nilichobonyeza, ukaanza muziki, muziki wa kubembeleza mtoto, nami nimesimama na waya wa simu nimejizungushia kidole mpaka kikawa cheupe. Saa tano kasorobo. Saa tano. Muziki ukakatika nikadhani nimepata mtu, kumbe unaanza upya.

Saa tano na nusu akapokea kijana, akajitambulisha kuwa ni Tobin.

"Nataka kusema na Renata, aliyeko Guatemala," nikamwambia.

"Kundi lipo salama, mama, taarifa yao ya asubuhi tumeipata. Ujumbe wa familia tunautuma jioni. Ni dharura?"

Na hapo, ninakiri mbele yako, ulimi wangu ukajikunja wenyewe kusema si kubwa sana, kijana wangu, usijisumbue. LaVonne alikuwa amesimama karibu nami akinisikiliza. Akanifinya mkono, akaniacha na alama.

"Ni dharura," nikasema. "Ni ya maisha ya mtoto. Wanaondoka saa sita. Asiondoke kabla hajaongea nami."

Nikasikia kiti chake kikisukumwa. "Simu yake huwa anaizima kutunza betri," akasema, sauti imebadilika. "Nitapiga mpaka apokee. Weka yako chini, mama, usiitumie."

Tukakaa. Umewahi kuitazama simu isiyolia? Saa yangu ya ukutani hulia kwa sauti ya ndege, kila saa ndege wake. Saa sita ikaingia na yule ndege wa saa sita akaimba wimbo wake wote, nami nikaweka kichwa mezani kati ya maganda. Nikamwona Maren anafunga kamba za begi. Nikamwona anapita kijito cha kwanza.

"Wameshapanda," nikasema.

LaVonne alikuwa anatazama ukuta, midomo ikihesabu. "Arlys, ile saa pale kanisani, iliyo juu ya ramani. Inasemaje?"

"Saa gani?"

"Ile ya Guatemala. Jumapili niliiona iko nyuma ya yetu. Nikadhani betri imekwisha, nikamwambia mchungaji, akacheka. Iko nyuma saa moja nzima. Kwao sasa hivi ni saa tano."

Nikainua kichwa. Saa moja. Sikujua nishukuru au nianze kuogopa upya, maana saa moja ya kungoja ni ndefu kuliko asubuhi nzima. Nikaokota njegere kwenye ndoo, nikaziosha moja moja. LaVonne akakata rubabu bila kuambiwa. Kila gari lililopita barabarani nilidhani ni kengele ya simu.

Ililia saa saba kasoro dakika kumi.

"Bi. Arlys, tumeshavaa mabegi," Renata akasema, anahema. "Ofisi wananiambia ni dharura. Kuna nini?"

Nikasimama wima kama nilivyokuwa nasimama darasani kujibu.

"Kwenye fomu, swali la kumi na tisa, niliandika hapana. Jibu ni ndiyo. Maren ana kifafa. Ameanguka mara tatu, ya mwisho Agosti, na ya leo ni ya nne. Ana vidonge, vimefichwa ndani ya begi lake. Mimi ndiye niliyevitia humo. Asubuhi uliniuliza mara mbili, nikakudanganya mara mbili."

Nilisikia kwato, nyumbu au punda, na vijana wakicheka kwa mbali.

"Bi. Arlys, nilikuwa namweka mbele kabisa ya msafara," akasema. "Kwenye ile njia."

"Najua. Nikasirikie mimi, yeye ni mtoto."

"Sasa hivi sina nafasi ya kumkasirikia mtu. Hapandi. Anabaki huku chini, tunampeleka zahanati sasa hivi. Kama ataendelea na safari au atarudi nyumbani, daktari ndiye atakayesema." Akavuta pumzi. "Ninahitaji kujua kama anakunywa dawa. Nimuulize?"

"Kuna swali nimeshamuuliza mwenyewe, hakunijibu. Nipe yeye."

Nikasikia simu ikipita mikono. Halafu kilio, kile cha kuzuia, kinachopita puani.

"Umesema," Maren akasema.

"Nimesema."

"Uliniahidi, Bibi."

"Nilikuahidi."

"Wote wamesimama hapa na mabegi yao wananitazama."

"Waache watazame."

"Sitaki kuongea na wewe."

"Usiongee. Ninunie mpaka uolewe, nimeambiwa ndivyo inavyokuwa. Jibu tu nilichokutegea asubuhi. Watoto weupe wawili. Wanaingia pangoni, au hawaingii?"

LaVonne alikuwa ameacha kisu hewani. Huko mlimani upepo ukavuma kwenye simu, ukapita.

"Hawaingii, Bibi," akasema. "Tangu siku tuliyofika. Renata alikusanya kila chupa ambayo haikuandikwa kwenye fomu, hata za vitamini, akazitia zote kwenye sanduku lake, akafunga na kufuli."